Baba ana sirosisi na anazidi kukonda: je, tumemnyima chakula bure?

Binti wa Nyegezi aliuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Naomba ushauri wa watu wenye ujuzi, au wa waliokwisha kuuguza mgonjwa wa ini nyumbani. Baba yangu ana umri wa miaka 58. Mwaka jana alianza kuvimba miguu, kisha tumbo, na vipimo vikaonyesha kwamba ana virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo yaelekea amekuwa navyo tangu utotoni bila kujua, na kwamba ini lake limekwisha kupata makovu na kusinyaa, hali ambayo daktari aliiita sirosisi. Anameza tenofoviri, dawa ya kuvizuia virusi hivyo, kila siku pamoja na dawa mbili za kumkojoza, spironolaktoni na furosemaidi. Maji ya tumboni yamepungua sana, na kwa hilo tunamshukuru Mungu.

Kinachotusumbua sasa ni chakula. Tulipotoka hospitalini tuliambiwa maneno machache tu, kwamba apunguze chumvi na asiguse pombe, na mengine yote tumeyaokota kwa majirani, kwa ndugu na kwenye simu. Shangazi alisema nyama ni sumu kwa mtu wa ini. Jirani akasema maharage yatamjaza tumbo upya. Mayai yakaondolewa kwa kuwa kiini chake ni cha manjano na macho ya baba nayo yalikuwa ya manjano. Najua hoja hiyo haina miguu, lakini tuliifuata. Samaki alibaki kwa muda, halafu naye akaondolewa kwa kisingizio cha mafuta. Kwa miezi mitano sasa baba anakunywa uji mwepesi asubuhi, anakula ugali kidogo na mboga za majani mchana, na saa kumi na mbili jioni anapewa tunda pamoja na glukosi ya unga iliyokorogwa kwenye maji, kwa sababu tumeambiwa kwamba glukosi hulisha ini. Baada ya hapo hatii kitu kinywani hadi saa tatu asubuhi ya siku inayofuata.

Mabega yamechongoka, mapaja yamenywea, na juzi alishindwa kuinuka kwenye kigoda mpaka akashikwa mkono. Kaka yangu anasema ndivyo ugonjwa huu unavyokwenda. Mimi ninahofu kwamba sisi wenyewe tunauongezea nguvu. Naomba kujua ni kipi hasa anachopaswa kukatazwa, na ni mambo gani ya kila siku tuyaangalie hapa nyumbani. Tafadhali nitajieni vyakula ambavyo mtu wa Mwanza anaweza kuvikuta sokoni.

Mstaafu wa Lishe alijibu:

Binti yangu, pole kwa kuuguza, na mzee mpe pole zetu. Nilihudumu wodini kama afisa lishe kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na mgonjwa unayemweleza nimekutana naye mara nyingi: tumbo limepungua, familia imefurahi, kumbe huku juu misuli inayeyuka. Hofu yako ina msingi. Sehemu kubwa ya kukonda huko huenda ni njaa.

Ini zima huweka akiba ya sukari mchana, na usiku tunapolala huitoa kidogokidogo ili ubongo na viungo vingine visikose nguvu. Ini lenye makovu lina ghala dogo mno, kwa hiyo kabla hakujapambazuka mwili huwa umekwisha kuigeukia misuli na kuivunja ili upate cha kuchoma. Usiku mmoja bila chakula kwa mgonjwa wa sirosisi unakaribia kulingana na siku mbili au tatu za njaa kwa mtu mwenye ini zima. Sasa piga hesabu: kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu asubuhi ni saa 15, na baba yako amezipitia kila siku kwa miezi mitano.

Kwa hiyo anzeni na saa za kula, tena leo usiku. Mchana asipitishe zaidi ya saa tatu au nne bila kutia kitu tumboni, hata kama ni kidogo, kwa kuwa tumbo lenye maji hushiba upesi na kumlazimisha amalize sahani kubwa ni kumtesa. Kabla ya kulala, saa tatu au saa nne, apate mlo mdogo wenye wanga wa kutosha: bakuli la uji mzito uliotiwa maziwa, au michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa) iliyochemshwa pamoja na glasi ya maziwa mgando. Asubuhi akiamka asingojeshwe mpaka saa tatu. Mlo huo wa usiku mara nyingi familia huuona kama anasa, na mimi huuhesabu karibu sawa na dozi ya dawa.

Sasa nije kwenye nyama na maharage. Marufuku hiyo haikuzuka hewani. Zamani hata madaktari waliwapunguzia protini wagonjwa waliokuwa wakichanganyikiwa akili kutokana na ini, kwa sababu protini ikivunjwa hutoa amonia, na ini bovu hushindwa kuisafisha. Baadaye ikabainika kwamba kuwanyima protini hakuwaponyi kuchanganyikiwa, na kunawamalizia misuli, ambayo yenyewe husaidia kuiondoa amonia kwenye damu. Leo miongozo ya matibabu inataka mgonjwa wa sirosisi apate gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake, ukitoa uzito wa maji, na kiasi hicho ni kikubwa kuliko cha mtu mzima wa afya. Tuseme baba yako ana kilo 55. Atahitaji gramu 66 hadi 82 kwa siku. Mayai mawili yatampa kama gramu 12, kikombe cha maharage yaliyopikwa gramu 15 hivi, kipande cha sato cha gramu 100 kama 25, na glasi mbili za maziwa 16. Hapo amekwisha kufika, na ugali haujahesabiwa. Akionekana kuzubaa baada ya kula nyama nyingi, mwongezeeni maziwa, maharage, choroko na kunde, ambavyo wagonjwa wengi huvistahimili vizuri zaidi, lakini protini yenyewe msiiondoe.

Glukosi ya unga haina protini hata chembe. Inamjaza tumbo na kumkatisha hamu ya chakula cha maana, na kwa kuwa wagonjwa wa ini huelekea kupata kisukari kwa urahisi, mimi ningeiacha.

Kinachostahili ukali wote mlioupeleka kwenye mayai ni chumvi. Chumvi huvuta maji, na mtu mwenye historia ya maji tumboni anapaswa kubaki chini ya gramu 5 hivi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, nikihesabu kila chumvi iliyomo katika kila chakula. Hapa ndipo familia nyingi hujidanganya: wameondoa kidau cha chumvi mezani, lakini mchuzi umetiwa vile vipande vya kuongeza ladha vinavyofungwa kwenye karatasi, mkate una chumvi, na kitoweo ni kayabo. Kayabo ni sangara aliyekaushwa kwa chumvi, na ng'onda wa pwani ni yaleyale. Dagaa wa ziwani walioanikwa bila chumvi wanafaa sana, mradi muulize muuzaji namna alivyowakausha. Halafu kuna magadi. Sikumbuki familia hata moja iliyonitajia magadi bila mimi kuuliza, ilhali magadi nayo yana sodiamu nyingi, na ndiyo yanayotiwa kwenye mlenda, kwenye makande na kwenye maharage magumu ili yaive upesi. Lowekeni maharage usiku kucha, mlenda upikwe bila magadi, na ladha itafutwe kwa ndimu, tangawizi, vitunguu saumu, nyanya na giligilani. Msinunue chumvi mbadala zinazouzwa madukani kwa jina la kulinda afya, kwa kuwa nyingi zimejaa potasiamu, na spironolaktoni nayo huizuia potasiamu isitoke mwilini. Zikijumlishwa zinaweza kuuvuruga moyo.

Maji ya kunywa msimpunguzie mpaka daktari aseme, na kwa kawaida husema hivyo pale tu sodiamu ya damu inaposhuka sana.

Binti wa Nyegezi aliandika:

Mzee wangu, shikamoo, na ahsante sana. Nimesoma sehemu ya magadi nikanyanyuka kwenda jikoni. Tunayatia kwenye mlenda karibu kila siku, na mlenda ndio mboga aliyoruhusiwa na kila mtu. Naomba nijue pia kuhusu dawa za maumivu, kwa sababu mgongo humsumbua, na kuna mzizi alioletewa na rafiki yake ambao bado hatujamchemshia.

Mwenye Ini Lake alijibu:

Dada, mzizi huo uacheni hukohuko ulipo. Mimi ni mgonjwa wa sirosisi kwa mwaka wa tisa, ninaishi Tanga, na ninayokueleza nimeyalipia mwenyewe. Sidharau dawa za asili, maana nimelelewa nazo, lakini kila kinachomezwa hupita kwenye ini, na mzizi ambao hujui jina lake, kipimo chake wala ulichochanganywa nao ni mzigo usioweza kuupima. Zipo dawa za mitishamba zinazojulikana kuharibu hata ini zima. Shubiri ya kunywa imewahi kuwaletea watu homa ya ini, na mirungi nayo imehusishwa na madhara ya ini kwa watumiaji wa kila siku. Wapo watakaokuambia kwamba mjomba wao alipona kwa mzizi. Waulize kama aliacha vidonge vya hospitali alipoanza kuunywa, kwa sababu kuacha tenofoviri ghafla kunaweza kuviamsha virusi kwa kishindo, na ini lililosinyaa halina akiba ya kuvumilia pigo hilo.

Kuhusu maumivu, nitakusimulia kosa langu. Mwaka wa tatu wa ugonjwa niliumwa mgongo, nikaingia duka la dawa na kununua diklofenaki bila kumwambia muuzaji kwamba nina ini bovu. Siku ya nne mkojo ulikuwa umepungua na miguu imejaa tena. Daktari alinifafanulia kwamba diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huzibana figo za mtu wa aina yetu, huzuia maji yasitoke na huongeza hatari ya kutokwa damu tumboni. Cha kushangaza wengi ni kwamba dawa iliyo salama zaidi kwetu ni parasetamoli, ile ambayo watu huiogopa kwa sababu ya ini, ilimradi isizidi gramu 2 kwa siku, yaani vidonge vinne vya miligramu 500 vilivyogawanywa, na kwanza mmuulize daktari wake. Dawa za usingizi asipewe kabisa bila daktari.

Nyumbani kwangu tunafanya mambo mawili ambayo hayagharimu kitu, ukiacha bei ya mizani. Kila asubuhi nikishatoka msalani na kabla ya kunywa chai ninajipima uzito, nami ninauandika ukutani. Nikiongezeka kilo 2 ndani ya wiki moja najua hayo ni maji, naenda kliniki kabla tumbo halijaonekana. Nikipungua zaidi ya nusu kilo kwa siku, siku kadhaa mfululizo, naenda pia, kwa sababu huenda dawa za kukojoza zimezidi. Jambo la pili ni la mke wangu: kila jioni huniandikisha jina langu kamili kwenye daftari la mtoto. Siku moja herufi zilitawanyika kama kuku wamemwagiwa mtama, na mimi nilikuwa ninabisha kwamba niko sawa. Ilikuwa amonia, na chanzo kilikuwa kufunga choo kwa siku tatu. Tangu hapo ninatumia laktulosi, dawa ya kulainisha choo, na kuhakikisha ninapata choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Ukimwona baba analala mchana na kukesha usiku, au mikono inapapatika akiinyoosha mbele, usingoje mpaka aanze kusema ovyo. Na siku hizo asiendeshe hata pikipiki.

Kahawa je? Hiyo ni habari njema. Kahawa chungu vikombe viwili au vitatu kwa siku haikatazwi. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba wanywaji wa kahawa wenye maradhi ya ini huwa na makovu machache na hatari ndogo zaidi ya saratani ya ini. Ninakunywa barazani na wenzangu, bila kashata. Pombe nimeiaga, na hapo naihesabu gongo, mbege, ulanzi na kila kinachochacha.

Mkulima wa Kondoa alijibu:

Niongeze jambo moja ambalo sisi wa huku hatulisahau. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu waliugua ghafla, macho yakawa ya manjano, matumbo yakavimba, na 20 walifariki. Chanzo kilikuwa sumukuvu kwenye mahindi. Kenya nako, mwaka 2004, sumu hiyohiyo iliua watu 125 katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake. Hizo ni dozi kubwa za mara moja. Dozi ndogo za miaka mingi haziui kwa haraka, lakini huleta saratani ya ini, na kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B hatari hiyo huongezeka maradufu tena na tena.

Sumukuvu haifi kwa kuchemsha wala kwa kusonga ugali. Mahindi ya mgonjwa yachambuliwe punje kwa punje, zilizovunjika na zilizobadilika rangi zitupwe (kuku nao wasipewe), kisha yakobolewe kabla ya kusagwa, kwani sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini. Karanga ndizo ninazoziogopa zaidi. Nsansa (majani ya kunde yaliyokaushwa) ya karanga ni tamu, lakini nunueni karanga nzima mzichambue na kuzisaga wenyewe, kwa sababu ukinunua zilizokwisha kusagwa huwezi kujua kilichoingia kwenye kinu. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na sakafu na ukuta.

Somo wa Pangani aliuliza:

Naomba kujipenyeza, maana jambo letu linafanana. Mama yangu ana sirosisi yenye maji tumboni na anasisitiza kufunga Ramadhani. Anasema siku zote amefunga na hajawahi kufa.

Muuguzi wa Zamu alijibu:

Somo, mkumbushe mama kwa adabu kwamba Kurani yenyewe, katika Sura ya Al-Baqara, imemruhusu mgonjwa kutofunga. Kitaalamu, mtu ambaye ini lake limekwisha kuleta maji tumboni, kutapika damu au kuchanganyikiwa hapaswi kufunga, kwa sababu zilezile alizozieleza mzee wa lishe, na pia kwa kuwa saa nyingi bila maji pamoja na dawa za kukojoza zinaweza kuzizima figo. Suala la fidia mpelekee sheikh wake. Wagonjwa wangu wengi humsikia sheikh kuliko wanavyonisikia mimi, nami sina kinyongo.

Kwa Binti wa Nyegezi, nina machache ya nyumbani. Homa ya ini aina ya B haiambukizwi kwa sahani, kikombe, kukumbatiana wala kupikiana, kwa hiyo mzee asitengewe vyombo, kwa sababu kutengwa nako humwondolea mtu hamu ya kula. Inaambukizwa kwa damu na kwa kujamiiana. Wembe, mashine ya kunyolea, mkasi wa kucha na mswaki viwe vyake peke yake, kwani virusi hivi vinaweza kuishi nje ya mwili kwa muda usiopungua siku saba. Mama na ninyi watoto wote mpimwe, na asiye na virusi wala kinga apate chanjo, dozi tatu katika kipindi cha miezi sita. Wajukuu waliozaliwa miaka ya karibuni wamechanjwa kliniki, lakini angalieni kadi zao.

Je, mzee amewahi kuvua au kuoga ziwani? Kichocho cha tumbo nacho hutia makovu kwenye ini, na Nyegezi iko kando ya Ziwa Viktoria. Ombeni apimwe. Maji ya kunywa yachemshwe, maziwa yachemshwe kabla ya kugandishwa, na nyama na samaki viive kabisa, kwa maana kinga ya mgonjwa wa ini imepungua na uchafu ambao wewe utakuharisha siku moja unaweza kumlaza yeye wodini.

Siku akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, au homa ikaambatana na maumivu ya tumbo, msimtafutie dawa dukani na msingoje kukuche. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo. Na hata akiwa mzima kabisa machoni, kila baada ya miezi sita apigwe altrasaundi ya ini, kwa sababu saratani ikigunduliwa ingali ndogo ina tiba.

Binti wa Nyegezi aliandika:

Nawashukuru wote. Nimewasomea baba na shangazi majibu yenu kwa sauti. Shangazi alinyamaza kwa muda, kisha akauliza mayai yachemshwe au yakaangwe. Jana saa nne usiku baba alikunywa bakuli zima la uji wa maziwa, na leo asubuhi mizani tuliyoazima imeonyesha kilo 54 na nusu, nimeandika. Amekiri kwamba alivua kwa miaka kumi na miwili alipokuwa kijana. Kuna jambo moja halijatajwa kliniki: hajawahi kuingizwa kamera ya kuangalia mishipa ya umio. Je, nidai afanyiwe?

Muuguzi wa Zamu alijibu:

Ndiyo, uliza katika kliniki ijayo, tena uwaeleze habari ya uvuvi. Kichocho huivimbisha mishipa hiyo hata pale ini linapofanya kazi vizuri, na mzee anaweza kuwa amebeba sababu mbili. Ikionekana imevimba kuna vidonge vya kushusha shinikizo lake, na kuna kuifunga kwa mpira kupitia kamera hiyohiyo. Akifungwa mishipa, siku chache za mwanzo mpikieni vyakula laini: uji, viazi vya kuponda, samaki aliyechambuliwa miiba, na hayo mayai ya shangazi, yachemshwe.